Silinda ya Mia Tatu na Kumi

Mwaka huu Mutua alinipigia simu akasema nije Gatina, kule Kawangware, Jumapili, anachinja mbuzi. Mutua si mtu wa kuchinja mbuzi ovyo, basi nikajua kuna jambo. Jambo lenyewe lilikuwa kwamba katika ile ofisi yetu ya zamani tumebaki yeye na mimi. Wengine tumewazika, wengine wamepotelea ng'ambo, na alitaka tule pamoja meno yetu yangali yanaziweza mbavu. Anakaa ghorofa ya pili ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kidogo kidogo, pale pale alipokuwa amepanga chumba cha mbao tukiwa vijana. Tukiwa mezani, simu ya mkwe wake ikalia. Kijana huyo anafanya kazi ya kompyuta, na aliyempigia alikuwa akilalamika kwamba mashine pepe fulani imejaa. Akafungua laptopu kando ya sahani, akaandika mistari miwili mitatu kwa mkono usio na mafuta, akaifunga, akarudi kwenye ubavu wake. Nikamuuliza amefanya nini. "Nimeiongezea diski tu, mathe. Dakika mbili, na hata haikuzimwa." Mutua aliniangalia, nikamwangalia, tukaanza kucheka hadi mke wake akatoka jikoni kuuliza nani amepaliwa. Kijana hakujua tunamcheka nani. Hatukumcheka yeye. Kitu alichofanya kwa dakika mbili sisi tulikifanya kwa juma zima, mimi nikiwa na miaka ishirini na tatu, na nusura nikifanye vibaya kiasi cha kutotajwa tena katika mji huu.

Ofisi ilikuwa mjini, orofa ya nne, na kazi yake ilikuwa kuwakodishia watu kompyuta. Siku hizo kompyuta ilikuwa moja na ilijaza chumba. Iliyokuwa ya ajabu kwangu ni kwamba mashine ile moja ilijifanya nyingi. Kila mteja alipewa mashine yake pepe, na akikaa kwenye skrini aliona kana kwamba yuko peke yake duniani, kumbe anagawana chuma kimoja na wengine kumi. Wateja wetu walikuwa hospitali, maktaba, kiwanda cha sabuni, na watu wa mvua. Kila mashine ya namna hiyo ilikuwa na kipande chake cha diski. Diski zenyewe zilikaa ndani ya makabati marefu kama friji, zikizunguka mchana kutwa kwa mlio wa nyuki, na zilikatwakatwa kwa hesabu ya miduara iliyoitwa silinda. Ungeambiwa: wewe ni silinda hii hadi ile, basi, na baada yako anaanza mwingine. Wageni waliotembelea ofisi hawakuelewa hata wakielezwa mara tatu. Mimi nilielewa siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nikiishi Silanga, mtaa wa kando ya bwawa, katika safu ya vyumba kumi na viwili chini ya bati moja, na kila aliyefunga mlango wake alijiona ana nyumba.

Kazi yangu haikuwa kwenye hiyo kompyuta. Sisi wasichana tulikaa chumba cha kando tukichapa data, wanne tumepangwa mstari, na chumba cha mashine tulikiona kupitia kioo. Kule waliingia maopareta, na maopareta walikuwa wanaume. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtu aliijua. Niliingia tu nilipotumwa kupeleka karatasi, na kwa sababu ya baridi ya mle ndani nilibeba sweta kila siku, mwaka ambao jua la Nairobi lilikuwa likichoma hata kivulini. Majirani waliponiona napita na sweta begani walidhani nina malaria sugu. Mama mmoja wa mboga kule bwawani alinipa majani ya kuchemsha, bure, akanisihi nisiache kunywa.

Ulikuwa ni ule mwaka wa ukame tuliokula mahindi ya njano. Maji ya bwawa yalirudi nyuma hadi matope yakapasuka vipande vipande, na walioishi kwa kulima sukuma pembeni mwake wakawa wanafuata maji na debe hatua mia mbili, mia tatu. Ugali ulikuwa na rangi ya manjano na harufu ya gunia, na ukiubonyeza ulirudi kama godoro. Watoto wa ploti yetu waliukataa siku mbili, siku ya tatu wakaula. Tuliula sote, tukiusindikiza na sukuma iliyochemshwa kwa mafuta ya kudhania, na kila jioni kupitia ukuta wa udongo nilimsikia jirani yangu Mzee Ainea, fundi wa nyumba aliyetoka Maragoli, akiomba baraka ya chakula kwa sauti ndefu kana kwamba ni pilau. Nilikuwa nikimcheka peke yangu upande wa pili, halafu naona haya, nafumba macho na mimi.

Kati ya wateja wote, niliwapenda watu wa mvua. Walikuwa na vituo nchi nzima, shuleni, misheni, kwenye mashamba, na kila kituo kilikuwa na mtu aliyeamka asubuhi akapima maji ya jana yaliyoingia kwenye kopo, akaandika. Walikuwa wamefanya hivyo tangu kabla ya wazazi wangu kuzaliwa. Kwa miaka miwili nilichapa daftari hizo za zamani, ukurasa kwa ukurasa, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, na nikimaliza moja ilirudishwa stoo ambako mchwa waliendelea walipoachia. Nilijua miandiko. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kitui aliyeandika saba yake na kofia, na mwaka mmoja mwandiko wake ukakoma katikati ya mwezi, ukaanza mwingine. Mashine ya mvua ndiyo iliyojaa. Ukame ulikuwa umewatisha wakubwa, wakataka ripoti za kila kituo kila siku, na kila siku ripoti zilikuwa zile zile: sufuri, sufuri, sufuri. Watu walidhani kwa kuwa hakuna mvua hakuna cha kuandika. Lakini sufuri nayo inataka nafasi, tena nafasi sawasawa na ya gharika. Miezi mitano ya sufuri ilikimaliza kipande cha diski cha mvua, na asubuhi moja skrini ikakataa kupokea hata moja zaidi.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Aliagiza diski nyingine kutoka ng'ambo, akajibiwa miezi sita, na hapo hapo akaamua: miaka ya zamani ifutwe, ibaki kuanzia Uhuru. Nani ataulizia mvua ya enzi ya mkoloni? Ikitakikana, iwekwe kwenye tepu. Mutua, ambaye alikuwa opareta wa mchana, alimwambia polepole kwamba tepu zilizobaki stoo zilipigwa na jua la dirishani, na mbili kati ya tatu alizojaribu mwaka ule zilikataa kusomeka. Meneja akasema tutajaribu bahati yetu, Jumatatu ijayo tunafuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi zangu. Nilihisi hasira ambayo sikuwahi kuihisi kazini, ya mtu aliyeona mgeni akitupa vyombo vya mama yake. Daftari zilikuwa zimeliwa, tepu zilikuwa zimeungua, na kazi ya wale watu wote wa kopo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu. Mimi ndiye niliyeiweka hapo.

Jumapili ile Mutua alinialika kwao Kawangware nile chakula cha mchana. Mke wake, Kalondu, alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwa mahindi ya njano, na aliomba msamaha kabla hata sijaonja. Alisema mahindi haya hayakobolewi, yanayokobolewa ni meno ya anayekula. Alikuwa amepokea barua kutoka kwa mama yake, na akatusomea akiwa amesimama: kule nyumbani ng'ombe wanauzwa bei ya kuku, na ukame wameshaupa jina, nikwangwete, yaani ninakufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye nazo hapati cha kununua dukani. Chumba chao kilikuwa kimoja na pazia katikati. Tulipomaliza kula nikamwomba Mutua karatasi, nikamchorea. Nilikuwa nimeiibia macho ramani ya diski iliyobandikwa karibu na printa, na nimesoma kitabu cha mashine saa za chakula cha mchana, wenzangu wakinicheka kwamba nasomea upadri. Kipande cha mvua hakivutiki, nilimwambia. Huwezi kusukuma ukuta, jirani amelala hapo hapo. Lakini diski ya pili ina kipande cha mafunzo, kile walichotumia wanafunzi wa mwaka juzi, na wanafunzi walishaondoka. Ni karibu mara mbili ya kipande cha mvua. Tukisafishe, tuhamishie mvua yote humo, tulinganishe moja baada ya nyingine, halafu tuiambie mashine ya mvua kwamba kwako sasa ni hapa. Tusiguse kile cha zamani mpaka tuhakikishe.

Mutua alitazama ile karatasi muda mrefu. "Na wewe unajua haya yote kutoka wapi, Rispah?"

Nikamwambia nimehama nyumba mara nne Silanga, na sijawahi kubomoa moja nikiwa bado sijaingia nyingine.

Jumanne tulimpelekea Meneja. Alinisikiliza akizungusha kalamu, kisha akasema tutapewa Jumamosi, wateja wakishaondoka saa saba, hadi saa kumi na moja jioni. Tukishindwa, Jumatatu anafuta. Niandike hesabu zote kwa mkono wangu nimpe, kwa sababu yeye hakutaka kusikia kesho kwamba ni Mutua aliyekosea. Niliandika kwa madaha. Ramani ilisema kipande cha mafunzo kinaanza silinda ya mia mbili, na hospitali inaanza mia tatu na kumi. Basi nikaandika: kuanzia 200 hadi 310, jumla silinda 111. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Meneja akatia sahihi, na Ijumaa mchana Mutua akaziingiza nambari hizo tayari kwa kesho.

Ijumaa jioni nilikuwa nikisonga ugali wangu wa godoro niliposikia upande wa pili wa ukuta Mzee Ainea akibishana na mwenye ploti. Mwenye ploti alitaka safu iongezwe vyumba vitatu, hadi ifike kwa jirani, na kwa kuwa jirani alishakuwa na ukuta wake wa mwisho, alitaka Ainea aegemeze hapo hapo, aokoe nguzo na udongo. Ukuta ni mmoja tu, alisema, wa nini kujenga wa pili? Ainea akajibu bila haraka kwamba ukuta unaweza kuwa wa wawili, sawa, lakini lazima kwanza ujue kama hicho unachokigusa ni ukuta. Palikuwa na fundi mmoja kule Ayany, akasema, aliyepima hadi ukuta wa jirani na kumbe jirani alikuwa ameshaongeza kibaraza cha jiko mbele yake. Akabomoa, akakuta mama wa watu anapika.

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Nilisema moyoni: mia mbili hadi mia tatu na kumi. Nilikuwa nimehesabu mwisho wangu pale anapoanza mwenzangu, kama tunavyohesabu sisi tunaoishi safu, ambapo ukuta wangu ndio ukuta wako. Niliepua sufuria, nikangoja mwenye ploti aondoke, nikaenda kubisha. Kuuliza si ujinga, ingawa nilijiona mjinga kuliko wote wa Silanga. Nilimwelezea Mzee Ainea kwa njiti za kiberiti nilizozipanga juu ya stuli yake, hizi zangu, hizi za hospitali. Hakujua kompyuta ni nini na hakujifanya anajua. Alinyosha kidole chake chenye udongo uliokauka akagusa njiti iliyokuwa katikati.

"Mama, hii ya mia tatu na kumi, kuna mtu analala ndani?"

"Ndiyo. Hapo ndipo kadi za wagonjwa zinaanza."

"Basi hiyo si ukuta. Hiyo ni chumba ya watu."

Nilirudi chumbani na sikula. Kwenye diski hakukuwa na ukuta hata mmoja. Kila silinda ilikuwa chumba, na ile ya kwanza ya kila mteja ndiyo iliyobeba orodha ya vyote alivyo navyo. Tungesafisha silinda zangu mia na kumi na moja na tungefuta orodha ya hospitali nzima, na mashine isingetuuliza hata mara moja, kwa sababu mashine ile haikuwa na tabia ya kuuliza. Niliogopa, nasema wazi, na nilichoogopa si hospitali peke yake. Niliogopa kwenda kumwambia Meneja kwamba hesabu yenye sahihi yake ina kosa, na kosa ni la msichana wa data. Ningeweza kumnong'oneza Mutua tu, abadilishe kimyakimya. Niliwaza hivyo hadi nikashuka mjini kwa miguu Jumamosi asubuhi, nikapita reli, nikapita watu wa makaa, na nilipofika ghorofa ya nne miguu ilinipeleka moja kwa moja kwa Meneja, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuibishia.

Nilimwambia nimekosea silinda moja na nikamwonyesha wapi. Akachukua karatasi ile, akahesabu kwa vidole juu ya meza, mia mbili, mia mbili na moja, kama mtoto. Kisha akamwita Mutua, naye akahesabu, akakaa chini bila kuambiwa. Nilijua kwamba ndiyo basi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuiombea mvua ipewe hata juma moja zaidi.

"Mimi nilitia sahihi," Meneja akasema. "Mutua akaandika. Na hakuna aliyehesabu isipokuwa wewe." Akaifuta ile 310 kwa kalamu, akaandika 309, na ile 111 akaifanya 110, akanirudishia karatasi. "Ingia na yeye ndani. Mutua asibonyeze kitu hujakisoma."

Hivyo ndivyo nilivyoingia chumba cha mashine kufanya kazi yangu mwenyewe, nikiwa na sweta langu, wenzangu watatu wakiwa wamebandika pua kwenye kioo ingawa zamu yao ilikuwa imekwisha. Mutua aliketi, mimi nikasimama nyuma yake na ramani. Alirekebisha nambari alizoziingiza Ijumaa, akasoma kila moja kwa sauti, nami nikaitikia. Tulipofika kwenye kusafisha, kidole chake kilikaa juu ya kitufe, akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia hesabu tena, akahesabu tena, akabonyeza. Ikachukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Kwanza nikaomba tuifungue hospitali tuione, na ilikuwa hai, kadi zake zote mahali pake. Kisha tukaanza kuhamisha mvua, mwaka baada ya mwaka. Kila mwaka ukiisha skrini ilitoa mstari mmoja, na wasichana kwenye kioo wakaanza kuonyesha kwa vidole imefika wapi. Saa kumi unusu ilikuwa imeingia yote. Tukalinganisha faili kwa faili, zikawa sawa. Mutua akaiambia mashine ya mvua kwamba kwako sasa ni hapa, akaizima, akaiwasha, nayo ikaamka ikaona nyumba mpya kana kwamba imeishi humo miaka.

Nilimwomba atoe karatasi moja kwenye printa, ya miaka ya zamani kabisa. Kituo gani? Nikamwambia kile cha mwalimu wa Kitui. Printa ikapiga kelele zake, na Mutua akaichana ile karatasi akaishika karibu na uso. Ulikuwa mwaka mbaya kama wetu. Sufuri zilianza juu ya ukurasa zikashuka, mwezi, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, na kidole cha Mutua kikashuka nazo. Alikuwa akiwaza kwa mama mkwe wake, sikuhitaji kuambiwa. Ukurasa ukaendelea hadi mwezi wa kumi na moja, na pale, siku ambayo sasa siikumbuki, ikasimama nambari. Arobaini na moja. Kesho yake ishirini na nane. Mutua akaiweka karatasi mezani, akaivulia miwani.

"Ilinyesha," akasema.

Meneja alikuja saa kumi na moja kamili, akaangalia skrini, akaangalia karatasi ile kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Naye alikuwa na kwao. Kisha akafungua daftari la mitambo, lile ambalo opareta huandika kazi aliyoifanya na kutia jina, na badala ya kumpa Mutua akalisukuma upande wangu. Niliandika jina langu lote, na la baba, nikajaza mstari. Wasichana kwenye kioo walipiga kelele ambazo tulizisikia hata juu ya mlio wa diski. Jumatatu iliyofuata sikukaa tena chumba cha kando. Mtu wa mvua alileta ripoti zote alizokuwa amezikalia tangu mashine yake ijae, mzigo wa karatasi, na nikaziingiza mwenyewe kutoka chumba cha mashine, kituo kwa kituo. Zilikuwa sufuri mwanzo hadi mwisho. Ziliingia zote, na bado pakabaki nafasi ya mvua.